Holda za Noti

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Daftari jipya, kalamu mpya, mikono ileile. Leo nimemaliza holda ya mia mbili tangu Januari na haina kasoro hata moja. Nimeipeleka mlangoni kwenye mwanga, nimeigeuza, nimeifungua, nimeifunga. Kona zote nne kali! Nikijisifu kidogo nani atanikataza? Daftari hili halisomwi na mtu.

Niandike vile ninavyozitengeneza, maana siku moja nitafundisha watu na sitaki kuruka hatua. Boksi gumu. La sabuni ndilo bora, la biskuti ni laini mno. Vipande viwili vya inchi tatu na nusu kila upande, na kimoja chembamba cha katikati, huo ndio mgongo. Nalaza karatasi ya mapambo kifudifudi, napaka gundi, napanga vipande, nakata kona mshazari, nakunja pande zote. Kona ndiyo mtihani. Kisha nasugua kwa mgongo wa kijiko mpaka hewa iishe. Ndani nabandika karatasi ngumu ya manila, halafu kile kitita cha vikaratasi vya njano vya kuandika na kubandika. Utepe wa kufungia. Kitanzi cha kalamu. Mwisho nazipanga zote chini ya mtungi wa maji wa lita ishirini, usiku kucha, zikae sawa.

Gundi napika mwenyewe. Unga wa ngano, maji, siki kidogo. Ya dukani huachilia. Yangu haiachilii!

Walimu wa Riruta ambao ndio wateja wangu husema stiki-noti holda. Mimi ulimi wangu mvivu. Nasema holda za noti. Kila mtu anaelewa.

Jumatano, 11 Septemba

Habari kubwa! Fundi wa saa anahama. Anarudi kwao Busia na saa zake zote, mwisho wa mwezi chumba cha mbele kitakuwa wazi. Chumba cha mbele! Mlango unaotazama njia, ile njia ambayo nusu ya mtaa wetu wa Raila, hapa Kibera, hupita asubuhi na jioni. Na lile dirisha la mbao, ukilishusha linakuwa meza.

Niseme bila kuzunguka: nakitaka. Miaka mitatu nafanyia kazi kitandani, huku nyuma, mlango ukitazama choo. Mume wangu Vincent akirudi kutoka kazi ya mjengo lazima nikusanye karatasi zote ndipo apate pa kukaa. Holda zangu huonekana tu nikizibeba kwa begi shule hadi shule. Nikiwa mbele, watu wataziona bila mimi kufungua mdomo. Nitaandika jina langu, NANYAMA, juu ya mlango, kwa rangi ya mafuta.

Shida ni Oyoo. Oyoo wa chipsi, chumba cha nne. Naye anakitaka, aweke karai lake la mafuta pale. Nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia Mama Sumaya kwamba chipsi huleta watu, na watu huleta baraka kwa ploti. Maneno matamu, huyo jamaa! Mama Sumaya ndiye mwenye ploti, vyumba vyote hivi tunavyopanga. Jina lake Saadia, lakini mpangaji gani atathubutu kulitaja. Ploti ilijengwa na babu yake, Mnubi wa zamani zile, na yeye haharakishwi na mtu. Alimjibu Oyoo tu kwamba binti yake Sumaya anaolewa mwezi huu, mambo ya chumba yangoje harusi ipite.

Sawa. Tungoje.

Ijumaa, 13 Septemba

Mama Sumaya amekuja chumbani kwangu! Mwenyewe, kwa miguu yake, baada ya swala. Nilikuwa na gundi mpaka kwenye kiwiko.

"Nanyama, hebu nione hiyo kitu yako kila mtu anasema."

Nikampa moja. Nikamwomba asiifungue, bado mbichi ndani. Akaigeuza, akashika utepe, akainusa.

"Hii ndio holda ya noti?"

"Ndiyo hiyo, Mama Sumaya."

"Kumbe! Na iko smart hivi."

Akakaa kitandani katikati ya makaratasi yangu akanieleza. Nikaha ni Jumamosi tarehe 28. Ijumaa, siku moja kabla, ni siku ya wanawake: hina, ngoma ya doluka, mashangazi kutoka hapa Kibera na wengine kutoka Kibos kule Kisumu. Anataka holda arobaini. Kila shangazi akiingia mlangoni anapewa yake. Na ziwe na rangi za tabaga, zile kawa zao za kusuka wanazofunikia chakula: zambarau, kijani, machungwa, waridi, mviringo ndani ya mviringo.

"Ndani zinaingia ngapi?" akauliza.

"Mia moja."

"Mia moja! Wataweza?"

"Watazimaliza polepole, Mama Sumaya."

Alicheka mpaka kiatu kikamtoka. Sikuona kichekesho kilikuwa wapi ila nami nikacheka, ningebaki nimenuna mbele ya mwenye ploti? Akiondoka alisimama mlangoni. "Hii ikitoka vizuri nitajua nani anafaa kukaa huko mbele." Maneno yake yenyewe. Nayaandika yakiwa moto.

Oyoo, kaanga tu viazi vyako.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimetembea hadi Kawangware, kituo cha 46, kwa Thuo wa vifaa vya shule. Duka lake ni dogo lakini ukitaka karatasi Nairobi hii na huna haraka, nenda kwa Thuo. Akanitolea karatasi za zawadi: mawaridi, mioyo, keki zenye mishumaa. Tabaga haipo. Bila shaka haipo, nani angeichapisha?

Thuo akasema chukua ya mawaridi, nani ataangalia. Mimi! Mimi nitaangalia! Nikachukua karatasi za rangi tupu zinazong'aa, rangi zote nne. Mviringo nitaukata mwenyewe, mmoja mmoja, na kubandika mmoja juu ya mwingine. Nikachukua na vile vikaratasi vya njano, vitita arobaini. Thuo akawa anavifunga huku akiniuliza, hawa wanawake wa harusi wataandika nini? Nikamwambia hiyo si kazi yangu, mimi ni fundi.

Nimerudi nikipiga mluzi.

Jumanne, 17 Septemba

Nimegundua vipimo. Mdomo wa glasi ya maji: mviringo mkubwa. Kikombe cha kahawa: wa pili. Kifuniko cha chupa ya dawa: wa tatu. Kifuniko cha soda: kitovu. Nikizipanga, zambarau, machungwa, kijani, waridi, ni tabaga kabisa! Halafu nikachukua mkasi nikachanja ukingo wa kila mviringo vijino vidogo vidogo, ionekane ni ukili umesukwa. Hakuna aliyenifundisha hiyo. Imetoka kichwani mwangu hapa.

Tisa zimekwisha. Kidole gumba kimeota lengelenge. Halijanikera.

Jumatano, 18 Septemba

VINCENT!

Ameamka kabla yangu, amechukua mtungi, ameoga. Maji yote! Nimeamka nikakuta mtungi mwepesi umelala ubavu, na holda nane zimejikunja kila moja upande wake. Nikapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

"Mimi niliona ni maji tu," anasema, taulo begani.

Maji tu! Huo ni uzito, Vincent. Huo ni mtambo. Tangu leo mtungi umeandikwa kwa maka, ile kalamu nene: KAZI. Sita nimeziokoa, nimezilainisha kwa kitambaa chenye unyevu nikazibana upya. Mbili nimetupa. Amejua amekosa, ameenda mferejini mara tatu kabla ya kwenda kazini bila kutumwa.

Jumapili, 22 Septemba

Thelathini na nne. Leo sikwenda kanisani, Mungu anajua niko wapi. Oyoo amempelekea Mama Sumaya sahani ya chipsi imefunikwa na kitambaa safi. Amepita mbele yangu polepole ili nione. Nimeona. Mafuta yalikuwa yameshapenya kitambaa.

Vincent ameshika moja, ameikagua kama vile anavyokagua ukuta, kwa jicho moja. Akasema, "Hii imenyooka." Kwa Vincent hiyo ni hotuba.

Alhamisi, 26 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Nianzie mwanzo. Saa kumi nimezibeba zote arobaini kwa beseni, nimezifunika kwa leso mpya. Ua wa Mama Sumaya umejaa sufuria na wanawake wanaochambua mchele. Oyoo naye yuko pale, ameleta gunia la viazi walivyonunua kwake. Vizuri, nikasema moyoni, aone.

Nikafunua leso. Wote wakasema aaah! Kweli, walisema aaah. Mama Sumaya akachukua moja, akapitisha kidole juu ya mviringo, uso ukamng'aa. Akafungua utepe. Akatazama ndani. Akavuta kikaratasi kimoja cha njano, kikamganda kidoleni. Akakitikisa. Hakitoki.

"Hii ni nini?"

"Ni noti, Mama Sumaya."

"Noti gani?"

"Si hizo, za kuandika..."

Akaingiza mkono kifuani akatoa mia mbili imekunjwa. Akaishika juu, mbele ya watu wote.

"Nanyama. HII ndio noti."

Nilitaka ardhi ipasuke. Yaani mashangazi huja na pesa ya kumtunza bi harusi akicheza, na kila harusi pesa inakuja imekunjamana, imelowa jasho, imetoka kwenye soksi. Mama Sumaya alitaka mara hii kila shangazi awe na kipochi kizuri cha kuwekea noti zake. Noti! Mia moja! Ndiyo maana alicheka mpaka kiatu kikamtoka! Na Thuo aliniuliza wataandika nini. Thuo aliniuliza, mimi nikajibu ni fundi.

Akajaribu kuingiza ile mia mbili. Kitita cha njano kimejaa ndani, noti ikateleza ikaanguka chini kwenye mchele. Oyoo ndiye aliyeiokota. Akamrudishia kwa mikono miwili, adabu nyingi, na jicho moja kwangu.

Mama Sumaya hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Wacha hapo kwa kona. Nitaona."

Ijumaa, 27 Septemba, asubuhi

Jana Vincent alisema ng'oa vikaratasi, weka mfuko. Nilikuwa nimebaki na moja ya mfano, nikaijaribu. Kitita kimetoka na manila yote na nusu ya boksi. Gundi yangu haiachilii. Nimecheka peke yangu, kicheko kibaya.

Sasa nifanye nini, nijifiche? Holda arobaini nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza ziko kwenye kona ya ua wa watu, na mimi nijifiche? Neno ndilo lilipotea njia. Kazi ni safi. Nimealikwa na naenda. Naoga, navaa dera la zambarau, naweka kalamu sita kwa pochi. Sijui kwa nini kalamu. Fundi habebi kazi nusu.

Ijumaa, 27 Septemba, jioni

Mkono unauma. Niandike haraka.

Nilipofika beseni lilikuwa kwenye kona lilipoachwa, leso juu. Mama Sumaya alinisalimia vizuri, macho yakapita. Ngoma ikaanza. Sumaya katikati, hina mpaka kwenye viwiko, anapendeza kuumiza roho. Mimi nimesimama kando ya beseni langu.

Hapo nikapata wazo la kuwapa wanawake waandike. Sawa, hapana. Daftari halidanganywi. Wazo si langu, ni la bibi yake Sumaya, mama mzazi wa Mama Sumaya. Ameketi kwenye mkeka karibu na kona, haoni mbali lakini karibu anaona. Akavuta leso, akachukua holda, akaileta puani. Akapitisha kidole kwenye vile vijino nilivyochanja.

"Nani amesuka hii?"

"Ni mimi, bibi. Ni karatasi."

"Karatasi!" Akaifungua, cha njano kikamganda kidoleni kwenye hina. "Na hii ya nini?"

"Ya kuandika kitu hutaki kisahaulike. Halafu unabandika."

Akafikiri. Akasema, "Mimi sijui kuandika. Andika wewe. Andika: Sumaya, chumvi mwisho. Mama yako huweka mapema."

Nikaandika! Ningekataa? Akakichukua, akaenda mwenyewe kwa fimbo yake katikati ya ngoma, akakibandika kwenye mkono wa bi harusi. Sumaya akasoma kwa sauti. Wanawake waliangua kicheko mpaka ngoma ikapoteza mwendo. Mama Sumaya alifunika uso kwa mtandio.

Kisha shangazi wa kwanza akaja kwangu na noti ya elfu mkononi, noti ile nyingine. Akasema huwa anatoa lakini kesho yake hakuna anayejua nani alitoa nini. Andika: Shangazi Zainabu wa Kibos, nunua godoro zuri. Nikaandika, akabandika cha njano juu ya elfu, akaenda kucheza. Wa pili akaja. Wa tatu. Baadaye waliojua kuandika wakachukua holda zao na kalamu zangu, wasiojua wakapanga foleni kwangu. Noti juu ya noti! Mwingine ameandika, "Akinuna mpe chai, usimpe maswali." Mwingine amechora moyo tu. Sumaya aliwaka njano mwili mzima.

Holda arobaini zote zimeondoka. Beseni nimerudi nalo tupu. Kalamu nimerudi na mbili.

Mama Sumaya alizunguka kwa wageni wake. Baadaye nilimwona mara moja tu, amesimama mlangoni na holda ya mwisho. Aliikunjua, akaikunja. Akaitia kifuani palepale inapokaa mia mbili.

Jumamosi, 28 Septemba

Nikaha imepita salama. Pilau nzuri. Chumvi sawasawa, kila mtu alionja akamtazama mwenye nyumba. Kuhusu chumba, bado.

Jumapili, 29 Septemba

Fundi wa saa ameondoka leo alfajiri. Kufuli kwenye mlango. Oyoo amekuja na utepe wa kupimia! Amepima mlango, amepima dirisha, ameandika vipimo kwenye kiganja. Nimemuuliza kama amepewa. Akasema, "Madam, kupima si kuiba." Akaenda akitabasamu. Vincent ananiambia nimfuate Mama Sumaya nimwombe. Nimekataa. Kazi yangu ameishika mkononi, ameitia kifuani. Mimi niongeze nini?

Lakini leo sikukata hata karatasi moja. Naogopa. Nimeshaandika, basi.

Jumatatu, 30 Septemba

Saa tatu asubuhi. Nilikuwa natoka kutupa taka. Kwenye mlango wa chumba cha mbele, juu kidogo ya kufuli, kuna kitu cha njano.

Nimesimama kwanza. Upepo unavuma toka juu kwenye reli, mabati yanalia, nacho hakijadondoka. Kimekatwa kutoka kitita changu, naijua njano ile. Nimesogea. Herufi kubwa, za mtu ambaye haandiki mara kwa mara:

NANYAMA. KUJA NA NOTI.

Nimesoma mara tatu. Oyoo alikuwa nyuma yangu, sikumsikia akija. Amesoma, akasema, "Hiyo ni deposit anataka." Kisha akasoma tena. "Ama anataka hizo zako za njano." Kisha akaondoka na utepe wake wa kupimia.

Nimerudi ndani. Nimekaa kitandani na hili daftari. Noti gani? Akitaka pesa, chumba ni changu. Akitaka za njano, je? Ni kazi nyingine ya mtu mwingine wa harusi, na chumba bado? Na kwa nini abandike pale pale mlangoni, juu ya kufuli, badala ya kunitumia mtu?

Pesa zangu za akiba nimezitoa kwenye kibati cha majani ya chai, zimefungwa kwa kitambaa. Kitita kipya cha njano nacho hiki hapa. Kimoja mkono wa kulia, kimoja wa kushoto. Safari hii nitauliza kwanza. Nitauliza, Mama Sumaya, noti gani? Hata nikionekana mjinga mbele ya ploti nzima nitauliza.

Nasikia viatu vyake kwenye njia. Na funguo. Ni funguo zile za vyumba, rundo zima, zimesimama kwenye chumba cha mbele. Kalamu naiacha hapa, hapana, naibeba, huenda akataka tuandikishane.